Picha inasema uvimbe umekua, bi mkubwa anazidi kunawiri. Nani mkweli?

#1 Mwanakamanga
Wakuu salaam. Bi mkubwa wangu ana kansa ya utumbo mpana. Alishapasuliwa, sasa yupo kwenye dripu za kemo. Kabla ya kuanza dripu alipigwa CT scan ya kifua na tumbo, ripoti ikasema kuna doa moja kwenye ini, sentimita 2.1, mapafu safi. Katikati ya matibabu daktari akaagiza irudiwe. Mashine ya pale tulipozoea ilikuwa imekufa, tukaelekezwa kwingine hapahapa mjini. Ripoti ya pili: doa la ini sentimita 2.4, na kuna "vinundu viwili vidogo pafu la kulia, milimita 4 na 3, havikutajwa awali".

Kinachonichanganya ni hiki. Wakati tunaanza, huyu mama alikuwa anashikiliwa huku na huku kushuka kwenye pantoni ya Kamanga. Siku hizi anashuka mwenyewe, anagombana na wapiga debe, akifika nyumbani anamaliza ugali na sato wake na kuuliza kama kuna mchuzi umebaki. Kilo zimerudi. Kipimo cha damu cha CEA, kile cha kufuatilia kansa, kimeshuka. Baba mdogo kasoma ile karatasi, anasema dawa zimeshindwa, tuache tumrudishe Sengerema apumzike. Siku ya kumwona daktari kliniki bado. Mliopita njia hii, inakuwaje karatasi na mtu visielewane?

#2 DagaaMkavu
Ngoja waje wataalamu. Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu.

#3 NgoshaWaMagu
Pole mkuu. Mimi nitasema ambalo wengine wanaogopa kusema. Hayo mapicha ndiyo yanayoamsha kansa. Jirani yetu alikuwa na uvimbe umetulia miaka, alipoanza kuingizwa kwenye mashine kila baada ya muda mfupi, haukupita mwaka. Mionzi ni mionzi. Ungekuwa salama, kwa nini anayekupiga anakimbilia nyuma ya ukuta?

#4 MtuWaMionzi
Mwanakamanga, poleni. Nafanya kazi kwenye chumba hichohicho kinachozungumzwa, hospitali nitaiacha.

Kabla sijamjibu Ngosha, nikuulize mambo matatu. Picha ya kwanza alichomwa dawa ya kontrasti, ile ya mshipani ya kufanya viungo vionekane vizuri, au alipigwa kavu? Hiyo ya pili je? Na aliyeisoma ya pili aliziona picha zenyewe za zamani, au aliona karatasi tu?

Ngosha: anayepiga anasimama nyuma ya ukuta kwa sababu yeye anapiga watu siku nzima, mwaka mzima. Mgonjwa anaipata mara moja akaondoka. CT ya tumbo ni kama milisivati (kipimo cha mionzi) 8 hadi 10. Mionzi ya asili, ya ardhini na angani, wastani wa dunia ni 2.4 kwa mwaka, na unaipata hata ukiwa umelala Magu. Uvimbe uliopo hauamshwi na picha.

#5 NgoshaWaMagu
Umejifunga mwenyewe mtaalamu. Kumi gawanya kwa 2.4 ni miaka minne ya ardhi na anga anapewa mama wa watu kwa dakika chache. Halafu unaniambia si kitu?

#6 MtuWaMionzi
Sikusema si kitu. Hatari inayosemwa ni kansa mpya miaka mingi mbele, na ni ndogo. Mtu mzima mwenye kansa tayari, asipopigwa picha daktari anatibu gizani. Kwa watoto hesabu ni nyingine, ndiyo maana wale wenye Burkitt, kansa ya watoto, ambao Kanda ya Ziwa tunao wengi, ultrasaundi hutumika sana kila inapowezekana. Ile ni mawimbi ya sauti, haina mionzi kabisa.

#7 ShangaziPasiansi
Mwanakamanga mwanangu, pole. Mimi ni mgonjwa mwenyewe, ziwa la kushoto lilishaondoka. Nimepita kwenye hizo mashine mpaka wale vijana wa mapokezi wananiita mama wa nyumbani.

Niseme la mgonjwa, maana mnaongea milisivati tu. CT ya kontrasti kinachotesa si mashine, ni mshipa. Kemo ikishaipitia mishipa inakauka. Anakuja binti, anapapasa, anachoma, haupo, anahamia mkono mwingine, na mkono wa upande waliotoa ziwa na tezi za kwapa sipendi uguswe. Kanula ikikaa, dawa inasukumwa na pampu, halafu joto: linaanzia kooni, linashuka kifuani, likifika chini unaapa umejikojolea. Mdomoni ladha ya sarafu. Hakuna aliyeniambia mara ya kwanza. Nilijishika nguo pale kitandani naona aibu ya bure, kumbe nimekauka.

Kuhusu swali lako: baada ya kemo yangu ya kwanza picha ilileta habari mbaya hivyohivyo, na ilikuwa kweli. Dawa ilibadilishwa. Kwa hiyo msimpe mwenzenu moyo wa uongo hapa.

#8 Mwanakamanga
Asante shangazi, pole na wewe.
@MtuWaMionzi: nimeziangalia karatasi. Ya kwanza imeandikwa bila kontrasti kwa sababu kreatinini yake, kile kipimo cha figo, ilikuwa juu wakati ule. Ya pili alichomwa. Na kule kwa pili tulipeleka karatasi tu, kwa kuwa mara ya kwanza tulipewa karatasi na filamu mbili, CD hatukupewa.

#9 KapteniUkerewe
Hapo ndipo penyewe. Ngoja niwape kisa cha bibi yangu wa Ukara.

Tulimvusha Nansio, tukafika mjini, kitandani akalazwa. Kazi ikaanza, mashine ikatoa sauti yenyewe ya kurekodiwa, ya kizungu, inamwamuru avute pumzi na ashike. Bibi anajua Kikara, Kikerewe na Kiswahili cha sokoni. Aliposikia mzungu anamsemesha kutoka kwenye lile duara akainua kichwa kumtafuta, akaitikia "abee". Picha ya ini ikatoka ina kivuli kama imetikiswa. Ripoti ikaandikwa doa lina mipaka isiyoeleweka, likapimwa likaonekana kubwa. Siku ya kurudia kijana mmoja akaizima ile sauti, akamfundisha kwanza bibi akiwa amekaa: vuta, bana, achia. Doa likarudi kuwa dogo. Bibi hakuwa amemeza hata kidonge kimoja katikati.

Ini linapanda na kushuka na pumzi. Mgonjwa akipumua, milimita tatu ni kitu gani?

#10 DagaaMkavu
Abee 😂😂 Bibi ana adabu kuliko sisi wote humu.

#11 MwalimuButimba
Kapteni kasema kweli, lakini naongezea. Kipimo cha bi mkubwa kimetoka 2.1 kwenda 2.4. Hiyo ni asilimia 14. Utaratibu ambao madaktari wa kansa wengi wanaufuata, unaitwa RECIST, unasema uvimbe umekua pale jumla ya vipimo inapoongezeka angalau asilimia 20 na angalau milimita 5. Na umepungua pale unaposhuka angalau asilimia 30. Kilicho katikati kinahesabiwa kuwa hakijabadilika. Kwa hesabu hiyo ini la mama halijasogea. Baba mdogo aelezwe hivyo.

#12 BiNyakato
Mwalimu umesoma nusu ukurasa. Utaratibu huohuo unasema likitokea doa jipya lisilo na shaka, ugonjwa umesonga mbele hata kama la zamani limebaki vilevile. Vile vinundu vya pafuni umeviacha wapi?

#13 MwalimuButimba
"Lisilo na shaka" umeliandika mwenyewe, Bi Nyakato. Milimita 3 na 4 huku kwetu, ambako kila ukoo una aliyewahi kunywa dawa za TB, ni kitu cha shaka kuliko vyote. Kovu la TB linakaa pafuni miaka na miaka.

#14 BiNyakato
Kovu lingekuwepo na picha ya kwanza. Kovu haliotei kwenye kemo.

#15 MtuWaMionzi
Lingekuwepo, ndiyo, lakini si lazima lionekane. CT inakata mwili vipande. Ukikata vya milimita 10 na mwingine akakata vya milimita 1, hamtaona kitu kimoja. Nyavu ya sangara haikamati dagaa, na huwezi kusema dagaa wamezaliwa jana kwa kuwa leo umetupa nyavu ya dagaa. Mashine ya kwanza ilikata unene gani? Hiyo imo kwenye picha zenyewe, kwenye karatasi mara nyingi haiandikwi.

Na ini bila kontrasti ni kijivu ndani ya kijivu. Ukichoma dawa, ukapiga baada ya kama sekunde 70 mshipa mkubwa wa ini umejaa, doa la aina ile linajitenga na nyama nzima na kingo zake zinaonekana. Kulinganisha kavu na ya dawa kwa milimita ni kupoteza muda.

Mkuu, fanya hivi: rudi hospitali ya kwanza, omba picha zote kwenye CD. Kwa kawaida zinatunzwa kwenye kompyuta yao. Zipeleke kwa daktari mmoja wa radiolojia azifungue zote mbili pamoja.

#16 IgomaKwetu
Salaam wakuu, nimechelewa uzi. Kuna kitu kinaitwa uvimbe kuvimba kwa uongo. Dawa ikifanya kazi, askari wa mwili wanajaa kwenye uvimbe, unaonekana mkubwa kumbe unakufa. Shemeji yangu aliambiwa hivyo India. Bi mkubwa yupo hapo, tena anakula. Mimi sina wasiwasi.

#17 BiNyakato
Shemeji yako alikuwa kwenye dripu za kawaida au zile za kuamsha kinga ya mwili?

#18 IgomaKwetu
Za kinga. Zile za bei ya nyumba.

#19 BiNyakato
Basi ndiyo hiyo. Habari ya kuvimba kwa uongo inasemwa zaidi kwa zile dawa za kinga. Kwa kemo ya kawaida ya utumbo usiibebe hivyo kirahisi. Ila doa la ini linaweza kufia katikati, likawa kama maji ndani, na upana usipungue. Hapo anayesoma inabidi aangalie na ndani yake, asiishie kwenye rula.

Na hamu ya kula msiishangilie sana. Kabla ya dripu huwa wanachoma deksamethasoni kuzuia kutapika. Ile dawa inamfanya mtu ale, achangamke, asilale usiku. Nimemuuguza mzee wangu, siku mbili za baada ya dripu alikuwa anapanga hadi safari ya kwenda kuhiji.

#20 Mwanakamanga
Bi Nyakato, hilo la kutolala ni kweli kabisa, anafagia uwanja saa tisa usiku. Lakini deksamethasoni inashusha CEA?

#21 BiNyakato
Haishushi. Hapo umenibana. Ila CEA nayo si hakimu, inapanda na kushuka kwa sababu nyingine pia.

#22 KapteniUkerewe
Mbona hakuna aliyetaja kichocho? Mama kakulia ziwani, sivyo? Sisi watu wa pwani ya ziwa tumeoga, tumefua, tumechota na kuvua humo tangu utoto. Kichocho cha tumbo kinatupa mayai kwenye ini, linafanya makovu kufuata mishipa. Mjomba wangu ultrasaundi ilisema ini lina makovu meupe, mganga mmoja wa kienyeji akasema karogwa, hospitali ya wilaya wakasema kansa, kwenda mbele ikaonekana ni kichocho kitupu.

#23 MtuWaMionzi
Hilo lipo na tunaliona kila siku. Ila makovu ya kichocho yanakaa kama matawi kando ya mishipa, mara chache yanajifanya kidonge kimoja cha mviringo. Ini lenye makovu linafanya kusoma kuwe kugumu, hapo nakubali. Na tusisahau, picha peke yake haitamki kansa. Anayetamka ni nyama iliyotolewa kwa sindano ikaangaliwa kwa hadubini. Hilo doa la ini liliwahi kuchukuliwa biopsi?

#24 Mwanakamanga
La utumbo ndiyo, walilipima baada ya upasuaji. La ini hapana, walisema kwa mwonekano na CEA inatosha.

#25 NgoshaWaMagu
Kwa hiyo mmefika post ya 25 na mtaalamu anasema picha haitamki kansa. Nilisema nini mimi?

#26 DagaaMkavu
Ulisema inaiamsha, Ngosha. Hilo ni lingine. Usihamishe goli tunakuona.

Swali langu la kizushi: nasikia mwenye mzio wa samaki hatakiwi kuchomwa hiyo kontrasti kwa sababu ina madini joto. Sasa Mwanza nzima si tutakufa bila picha?

#27 MtuWaMionzi
Ni uvumi wa siku nyingi, hata wauguzi wengine wanauamini. Mzio wa samaki unatokana na protini ya samaki, si madini joto. Anayetakiwa kusema ni yule aliyewahi kudhurika na kontrasti yenyewe, mwenye pumu, mwenye figo dhaifu. Na anayetumia metformin ya sukari ataje: figo zikiwa mbovu inasimamishwa saa 48 baada ya dawa mpaka kreatinini iangaliwe tena.

#28 IgomaKwetu
Kwa nini asiende tu PET scan mambo yaishe? Inaonyesha kansa hai na iliyokufa. Sema dawa yake inaletwa kwa meli kutoka Ulaya ndiyo maana ghali.

#29 MwalimuButimba
Kwa meli? Ile sukari yenye mionzi inapungua nguvu nusu kila dakika 110. Ikipandishwa meli Ulaya, bandarini utapokea maji ya chupa. Inatengenezwa karibu na mashine. Nairobi pale Aga Khan wanayo mitambo ya kuitengeneza, na watu wa kanda hii wamekuwa wakivuka mpaka wa Sirari kuifuata. Mgonjwa anafunga kula kama saa sita, anachomwa, anakaa kimya kama saa nzima bila hata kuchati, ndipo anapigwa. Ubongo na kibofu vinawaka kwa kila mtu, usije ukazimia.

#30 BiNyakato
Na TB inawaka vilevile. Kwa hiyo vinundu vya milimita 3 PET haitakumalizia ubishi, hata kuvikamata inaweza ishindwe kwa udogo.

#31 ShangaziPasiansi
Mimi walinipiga ya mifupa, ile ya teknishiamu, dawa yenye mionzi. Unachomwa asubuhi, unaambiwa kunywa maji nenda ukazunguke, unarudi baada ya saa kadhaa. Nilikwenda kukaa kule chini Mabatini kwa dada yangu, watoto wake wakakatazwa kunikalia mapajani siku hiyo. Goti langu likawaka. Nikalia usiku kucha kwamba imefika kwenye mifupa. Kumbe goti baya la siku zote, la kupanda milima ya Mwanza.

Ila MRI sitaki kusikia. Kabla ya kuingia ni ukaguzi kama uwanja wa ndege: hereni, pete, sidiria yenye waya, wigi lenye vibanio. Mama wa mbele yangu alikuwa na hirizi ya bati kiunoni, hakuitaja, mpaka alipoulizwa mara ya nne. Alivyoitoa aliikabidhi kwa mwanawe kwa mikono miwili.

#32 NgoshaWaMagu
Hiyo MRI ndiyo yenye mionzi kushinda zote, ndiyo maana inapiga kelele vile.

#33 MtuWaMionzi
Ngosha ndugu yangu, MRI haina mionzi ya eksirei hata chembe. Ni sumaku na mawimbi ya redio. Kelele ni koili zinazotikiswa na umeme ndani yake.

Kwa faida ya wanaopenda historia: mgonjwa wa kwanza kupigwa CT alipigwa London mwaka 1971, mwaka uleule hospitali yetu ya Bugando ilipofunguliwa. Hounsfield aliyeitengeneza aligawana Nobel ya 1979 na Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye hesabu zake alizianzia Cape Town. Kwa hiyo sehemu ya kitu hiki imetoka barani kwetu.

#34 DagaaMkavu
Wabeja mtaalamu. Nitaitumia kijiweni leo.

#35 Mwanakamanga
Mrejesho wakuu. CD ya zamani imepatikana. Haikuwa kazi ndogo, ilibidi barua, kivuli cha kitambulisho cha mama na kumngoja mwenye ufunguo wa chumba. Daktari wa radiolojia kazifungua zote mbili kwa pamoja, nikiwa nimesimama mlangoni.

Ini: anasema picha ya kwanza kavu kweli, kingo haziaminiki, hawezi kusema limekua wala limepungua. Ila katikati ya doa sasa ni jeusi kuliko pembeni, na hilo anaona linaweza kuwa dalili nzuri. Pafu: kinundu cha milimita 4 kwenye picha ya zamani kuna kitu kama kivuli palepale. Cha milimita 3 hakipo, au kimeangukia katikati ya vipande viwili. Daktari wa kansa kasema anaendelea na dawa hizihizi, picha irudiwe mashine ileile ya pili, kwa kontrasti, baada ya mizunguko mingine.

Baba mdogo kasema hiyo ni lugha ya kutafuta pesa.

#36 BiNyakato
Kwa hiyo kimoja kipya kimebaki. Mimi nasimama palepale, msikilegeze.

#37 MwalimuButimba
Na mimi nasimama palepale, milimita 3 si ushahidi.

#38 ShangaziPasiansi
Mama mwenyewe anasemaje? Kurasa zote hizi hakuna aliyeuliza.

#39 Mwanakamanga
Anasema ataendelea, ila siku ya picha asichomwe na yule kijana wa juzi, anataka yule binti mnene mwenye mkono mwepesi.

#40 ShangaziPasiansi
Namjua. Awahi asubuhi, mchana huwa hayupo. Na anywe maji ya kutosha tangu jana yake kama hajakatazwa, mishipa inajaa.

#41 KijanaNyegezi
Wakuu samahani kuingilia, na mimi nina CD ya mzee, naiweka kwenye laptop inaonyesha mafaili ya ajabu tu hayafunguki.

#42 MtuWaMionzi
Hizo si picha za kawaida, zinahitaji programu yake. Weasis ni ya bure, ipakue, kisha uelekeze kwenye folda nzima usichague faili mojamoja.

#43 KijanaNyegezi
Imekubali. Sasa hii nyeupe kubwa hapa katikati nyuma ni nini? Mbona ripoti haijaitaja?

#44 DagaaMkavu
Uti wa mgongo huo mkuu. Funga laptop.